Muda wa Ziada

Evodia hakuitwa kwa jina. Aliitwa kwa kokoto.

Aliyeanzisha ni baba yake, Ebenezer. Mtoto alizaliwa hasikii, na nyumba yao iko kando ya barabara ya vumbi inayotoka Gulwe, mahali pikipiki zinapopita kama zimefukuzwa na nyuki. Akiwa mbali anachunga mbuzi, kumwendea mpaka umguse bega ni safari. Basi Ebenezer akawa anaokota kokoto na kuirusha idondoke mbele ya miguu ya mtoto. Siyo mwilini. Mbele ya miguu. Mwanzoni mtoto aligeuka huku anatembea, akimtafuta aliyerusha, na siku moja pikipiki ikamkosa kidogo sana. Tangu hapo Ebenezer akamfundisha kanuni: ukiona kokoto, simama papo hapo, miguu pamoja, ndipo utafute nani anakuita. Alimrudisha mwanzo tena na tena, mpaka kanuni ikaingia kwenye mifupa.

Kitongoji kizima kikaiga. Ruthu, mama yake, alilenga vibaya, na mara nyingi alimpata kwenye kifundo cha mguu. Mwanasha, binti wa jirani, alilenga kuliko wote. Ungemwonyesha jani chini, angeangusha kokoto juu yake. Mwanasha na Evodia walisoma darasa moja, na Mwanasha ndiye aliyekuwa masikio ya mwenzake njiani.

Njia ile ilihitaji masikio. Kati ya kitongoji na shule kuna korongo, pana, limejaa mchanga. Karibu mwaka mzima ni kavu. Watu huchimba maji humo, ng'ombe hulala humo. Lakini mvua ikinyesha milimani, upande wa Mpwapwa, maji hushuka na kukukuta wewe huku jua likikuunguza kichwa. Hayaji kama maji. Yanakuja kama ukuta: tope, magogo, mizoga ya mbuzi. Kinachokuokoa ni sauti, maana huvuma kama lori la kokoto linalomwaga mzigo, na huvuma kabla hujayaona. Watoto wa pale wanajua. Wakifika ukingoni wakati wa mvua, wananyamaza wote, hata watundu. Wanasikiliza. Kisha wanashikana mikono na kuvuka mbio. Evodia alikuwa ananyamaza pamoja nao, akiwatazama nyuso. Mwanasha akimvuta mkono, anakwenda.

Shuleni hakufundishwa, aliwekwa tu. Darasa la Mwalimu Wambura lilikuwa na watoto wanne kila dawati, na waliokosa dawati walikaa chini. Evodia alinakili kilichokuwa ubaoni kama mtu anavyonakili michoro ya mkeka. Hakujua hata kimoja kina maana gani. Ebenezer alijua hivyo. Yeye mwenyewe aliacha shule darasa la nne kwenda kuchunga, lakini kusoma alisoma, na alipomwonyesha mtoto neno MBUZI kwenye daftari lake mwenyewe, kisha akamwonyesha mbuzi, mtoto alimtazama kama amechanganyikiwa.

Ndipo alipokuja Madam Joha.

Joha alikuwa mwalimu wa elimu maalumu, mkazi wa Mkonze, anayezunguka vijiji kuwapima watoto na kuwaandikia mipango ya msaada. Alikaa na Evodia asubuhi nzima, akichora, akiigiza kwa mikono, akicheka naye. Mchana akamwita Ebenezer ofisini kwa mwalimu.

"Mbukwenyi," Joha alisalimia.

"Mbukwa," alijibu Ebenezer. "Nani amekufundisha Kigogo, madam?"

"Dereva wangu."

"Basi amekufundisha salamu, matusi amekuficha."

Wambura alicheka mpaka kiti kikalia. Joha naye alicheka, kisha akawa na uso wa kazi.

"Nimesikia watoto wanamwita bubu. Hilo likome. Yeye ni kiziwi. Bubu ni tusi."

"Madam," alisema Wambura, "mimi huku naitwa Mkurya, na mimi ni Mwikizu. Sijamshtaki mtu."

"Wewe una mdomo wa kukataa, mwalimu. Yeye hana."

Joha akavaa miwani, akasoma mpango. Evodia akae mbele kabisa. Mwalimu asiongee akiwa amelipa darasa mgongo, uso wake uonekane. Kila neno jipya liandikwe na lichorwe. Apewe muda wa ziada.

"Kila siku?" aliuliza Wambura.

"Kila siku. Tena hilo ndilo kubwa. Mengine yakikushinda, hilo lisikushinde. Huyu mtoto ana akili, mwalimu. Anahitaji muda tu."

Ebenezer aliinuka nusu kwenye benchi. Ziada aliijua. Alipokuwa kibarua wa ujenzi Dodoma mjini, aliwaona watoto wa wenye nyumba wakibaki shuleni baada ya wenzao kutoka, wazazi wao wakilipia. Jambo la watoto wa maofisa.

"Kwa hiyo mwanangu naye atapata ziada? Kama watoto wa mjini?"

"Atapata, baba," alisema Joha, akikunja karatasi na kuchungulia dirishani, maana dereva alikuwa ameshawasha gari. "Siyo hisani. Ni haki yake."

Wakapeana mikono. Ebenezer akasaini. Wambura akasaini. Gari likaondoka na vumbi lake.

*

Wambura hakuwa mtu wa kufanya jambo nusu. Kesho yake kengele ya kutoka ilipogongwa, watoto wakamwagika nje, na Evodia naye akanyanyuka. Wambura akamwonyesha kwa kiganja: kaa. Wakabaki wawili. Mwalimu alikuwa hajala, na hakuna aliyemlipa kwa saa ile. Alichora mbuzi mwenye miguu mibaya, akaandika MBUZI chini yake. Akamtoa mtoto nje, akamwonyesha mbuzi wa mlinzi. Akamrudisha ubaoni. Akafuta mchoro, akaacha neno. Evodia alitazama neno. Kisha akatoka nje peke yake, akamshika mbuzi pembe.

"Nilipiga kelele kama mlevi," Wambura alimwambia Ebenezer walipokutana gengeni. "Mlinzi alidhani nyoka ameingia."

"Kwa hiyo amejua?"

"Amejua, mzee! Sasa anataka kujua jina la kila kitu. Jana amenionyesha kiraka cha suruali yangu. Niandike nini? Nikaandika KIRAKA."

Miezi ya kiangazi yote walikwenda hivyo. Evodia aliporudi nyumbani alikuwa anashika vitu na kuviandika mchangani. CHUNGU. JEMBE. KUKU. Siku moja alichukua mkaa jikoni, akamshika baba yake kifua kwa kiganja, kisha akaandika kwenye ukuta wa udongo, herufi kubwa zilizopinda: EBENEZA. Mwisho wa jina ulikosewa, lakini nani wa kusahihisha?

"Ukuta wangu!" alilia Ruthu. "Nimeukandika juzi!"

"Uache," alisema Ebenezer.

"Mvua zikija utafutika."

"Uache mpaka ujifute wenyewe."

Tatizo lilikuwa njia. Mwanasha alimngoja mwenzake siku za mwanzo, akikaa kibarazani mwa darasa akirusha kokoto kwenye kopo. Kisha mama yake akakataa. Kulikuwa na maji ya kuchota na mdogo wake wa kubeba, na yeye, alisema, hakumzaa Mwanasha awe fimbo ya mtoto wa mtu. Hakukosea. Ebenezer akawa anakwenda kumpokea binti yake mwenyewe. Kiangazi mtu ana nafasi.

Mvua za kwanza ziliponyesha, nafasi ikaisha. Shamba lake la uwele lilikuwa kando ya korongo, upande wa nyumbani, na palizi haimngoji mtu. Wambura ndiye aliyelitaja tatizo kwanza.

"Mzee, tusimamishe mpaka masika yaishe? Atoke na wenzake."

"Mpango unasemaje?"

"Unasema kila siku. Na madam amesema atakuja kuangalia kama tunatekeleza."

"Basi usisimamishe. Sasa hivi ndiyo anaanza kushika. Ukimkatisha atasahau."

"Na korongo?"

"Shamba langu liko ukingoni. Nitakuwa namwona."

Nyumbani Ruthu hakuzungumza kwa upole. "Mtoto hasikii, korongo limeamka, na wewe unaniambia ziada."

"Nitakuwepo. Macho ninayo."

"Korongo halionekani kwa macho, Ebenezer. Hata kuku wa hapa anajua."

"Wewe ulitaka abaki kuwa bubu wa kijiji?"

Ruthu alimtazama, akachukua ndoo, akatoka. Hawakulirudia tena jambo hilo.

*

Ilikuwa siku kavu. Jua lilichoma, mchanga wa korongo ulikuwa unameta, na watoto wengine walishavuka muda mrefu, Mwanasha akiwa miongoni mwao. Milimani kulikuwa na wingu jeusi lililokaa kama chungu kilichofunikwa. Ebenezer aliliona. Kila aliponyoosha mgongo alitazama ng'ambo.

Alisikia kabla ya kuona chochote. Lori linamwaga kokoto, mbali, juu ya korongo. Akatupa jembe. Alipofika ukingoni, Evodia alikuwa ameshashuka, anakaribia katikati ya mchanga. Hatembei haraka. Ameinamisha kichwa, daftari limefunguliwa mikononi, anasoma huku anatembea.

Ebenezer alipiga kelele. Alimwita jina lake lote, kwa sauti iliyomchana koo, na hata alipokuwa anaita alijua anaita mchanga. Akapunga mikono. Mtoto hakuinua kichwa. Mvumo ulikuwa umeongezeka mpaka ardhi ilitetemeka. Aliruka chini, akakimbia, mchanga ukamla miguu. Alikuwa bado mbali. Akaokota jiwe.

Aliijua kanuni. Yeye ndiye aliyeitunga. Akirusha, mtoto atasimama. Asiporusha, ataendelea kusoma polepole katikati ya njia ya maji. Hakukuwa na njia ya tatu. Akarusha.

Alilenga vizuri. Jiwe lilianguka mbele ya miguu yake. Evodia akasimama papo hapo, miguu pamoja, kama alivyofundishwa. Ndipo akainua uso kumtafuta aliyemwita, kulia, kushoto, mbele. Akamwona baba yake. Ebenezer alipunga kwa mikono miwili: njoo, njoo, kimbia. Mtoto alicheka. Aliinua daftari juu kwa mikono miwili, akaligeuza upande wa baba yake, ili kwanza aone alichoandika.

Maji yalitokea kwenye kona.

Watu waliofika walimkuta Ebenezer ameng'ang'ania mzizi wa mkwaju ukingoni, maji yakimpiga kiunoni, bado anapunga mkono mmoja. Walimtoa kwa kamba ya ng'ombe. Evodia walimpata kesho yake, chini sana, karibu na daraja la reli, maji yalipokwisha kupungua. Kiatu kimoja kilikuwa bado mguuni. Daftari halikuonekana.

*

Madam Joha alifika wiki moja baada ya mazishi. Korongo lilikuwa na maji, kwa hiyo aliliacha gari kijijini, akapita kwa miguu darajani kwenye reli, Wambura akimwongoza. Wambura alikuwa amekonda. Shuleni alifundisha akiwa ameketi.

Walimkuta Ebenezer nje ya nyumba, kwenye kigoda. Ruthu alikuwa ndani na hakutoka.

"Poleni sana, baba," alisema Joha.

"Tumeshapoa."

Joha alikaa kwenye kiroba cha mahindi walichompa. Aliangalia mikono yake.

"Nimepata taarifa njiani, sijaielewa vizuri. Watoto wote walikuwa wameshavuka. Kwa nini yeye alikuwa peke yake?"

Wambura alimgeukia kama mtu aliyeulizwa kwa nini jua linachomoza mashariki.

"Alikuwa kwenye muda wa ziada, madam."

"Muda wa ziada upi?"

"Ule wa kwenye mpango. Wenzake wakitoka, mimi nabaki naye. Kila siku, kama ulivyosema. Sijaruka hata siku moja, muulize mzee."

Joha alivua miwani.

"Kubaki? Mwalimu, mimi sikuandika abaki."

"Uliandika apewe muda wa ziada."

"Darasani! Wenzake wakipewa zoezi, wakimaliza, yeye umwongezee muda amalize. Kwenye mtihani, umwongezee. Hapo hapo darasani, pamoja na wenzake. Kengele ikigonga anatoka na wenzake." Sauti yake ilipanda. "Anatoka na wenzake, mwalimu."

Kuku alipita kati yao akidonoa.

"Ungesema," alisema Wambura taratibu.

"Niliandika."

"Uliandika muda wa ziada. Ziada ni nini Tanzania hii, madam? Nenda barabarani, muulize mtoto yeyote ziada ni nini."

"Na mimi nilikuuliza," alisema Ebenezer. Hakupandisha sauti. "Nilisema, kama watoto wa mjini? Ukasema atapata."

"Nilidhani unafurahi tu."

"Nilifurahi."

Joha aliinama, akashika kichwa. Wambura alianza kusema kwamba yeye ndiye angepaswa kumvusha, kwamba yeye ana miguu, kwamba angemshika mkono tu, lakini Ebenezer alimkatiza.

"Nyamaza, mwalimu. Ulitaka kusimamisha, mimi nikakataa. Na alijua kusoma. Mtu asiniambie hakujua. Tazama huko."

Wakatazama ukutani. Mvua ilikuwa imekula upande mmoja wa maandishi. Zilibaki herufi za mwanzo.

Joha ndiye aliyelia, na Ebenezer alimtazama bila chuki na bila huruma, kama mtu anavyotazama mvua isiyo ya shamba lake. Alikuwa anafikiri. Alifikiri polepole, alikuwa hivyo siku zote, lakini alipofika alifika.

"Madam. Wewe unazunguka vijiji."

"Ndiyo, baba."

"Hao watoto wengine uliowaandikia. Nao umewaandikia maneno haya haya?"

Joha aliinua uso. Machozi yalikuwa bado yanashuka, lakini macho yalibadilika. Midomo ilikwenda bila sauti, kijiji baada ya kijiji.

"Wote," alisema. "Muda wa ziada nimewaandikia wote."

"Wangapi hawasikii? Wangapi hawaoni vizuri? Wangapi wanaanguka kifafa njiani?"

Alikuwa ameshasimama, simu mkononi, akiinyanyua juu. "Hakuna mtandao!"

"Twende relini," alisema Ebenezer.

Kitongoji chote hupigia simu juu ya tuta la reli. Walipanda, Ebenezer mbele, akimvuta madam mkono penye mawe yanayoteleza, Wambura nyuma. Kulikuwa na wingu jeusi milimani. Shule zilikuwa zimeshatoka, na kwenye vijia vya chini waliwaona watoto wa sare wakitawanyika makundi makundi kuelekea makwao.

Simu ya kwanza haikupatikana. Ya pili iliita mpaka ikakatika. Ya tatu ikapokewa. Joha akaiweka spika wote wasikie, na sauti ya mwalimu mkuu wa mahali fulani ikatoka, nene, ya mtu mwenye furaha.

"Madam Joha! Shikamoo ya simu haifiki, lakini karibu!"

"Mwalimu, yule mtoto wangu. Yule asiyeona vizuri. Yuko wapi?"

"Ah, madam, usiwe na wasiwasi hata kidogo. Mpango wako tunautekeleza kama ulivyo. Hata sasa hivi ninavyoongea na wewe yuko darasani. Wenzake wote wameshaondoka."

Ebenezer akamnyang'anya Joha simu mkononi. Hakujua anaongea na nani, wala mtoto ni wa nani.

"Mwalimu," alisema. "Huyo mtoto asitoke peke yake. Unanisikia? Inuka sasa hivi. Mshike mkono umpeleke mpaka kwa mama yake."

"Wewe ni nani, mzee?"

"Mshike mkono kwanza," alisema Ebenezer, "ndipo nikwambie."